Majina Nyuma ya Gari

Warwick Hodder aliiogopa pua ya mke wake kuliko alivyowaogopa polisi. Coral aliingia ndani ya gari-nyumba lile, akasimama kati ya jiko na kitanda, akavuta hewa taratibu, kisha akasema, "Humu kuna kitu kinafichwa."

"Ni manukato tu, mama," alisema muuzaji kutoka mlangoni. "Nimepuliza asubuhi kwa kuwa nilijua mnakuja."

Kwa jinsi Coral alivyoijua dunia, mtu hapulizi manukato ili alete harufu, hupuliza ili afukuze nyingine. Na gari-nyumba lililotumika lina adui mmoja mkubwa, nalo ni maji. Paa huvuja kidogo kidogo, mbao za ndani ya ukuta huoza bila mtu kuona, halafu mwenye gari hupaka rangi na kutangaza kwamba anauza kwa sababu za kifamilia. Mwaka mzima Coral na mumewe walikuwa wamezunguka nusu ya jimbo la Queensland wakikagua magari ya watu, na kila waliloliweza kwa bei walilikuta limeoza. Kwa hiyo alitoa kidole gumba akaanza kazi yake. Alibonyeza ukuta juu ya madirisha, akabonyeza pembe za kabati, akapiga magoti na kubonyeza chini ya kitanda, akitafuta mahali patakaponepa.

Hapakunepa popote. Jambo hilo nalo halikumpendeza.

Mumewe alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili juu ya usukani, injini imezimwa, akiutazama ukuta wa gereji ya watu kana kwamba ndiyo njia ya kwenda Longreach. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha sukari tangu akiwa na nywele mpaka akabaki na kofia. Kiinua mgongo chake kilikuwa benki, hakijaguswa. Safari ya kuizunguka nchi nzima waliipanga binti yao akiwa bado shule ya msingi, wakaiahirisha kwa ajili ya karo, wakaiahirisha kwa ajili ya paa la nyumba, na sasa ilikuwa haiahirishiki tena. Daktari wa macho alikuwa amemwambia Warwick kwamba giza lililoanza katikati ya jicho lake la kushoto litahamia la kulia, na kwamba leseni yake ina mwaka mmoja, labda miwili. Coral hakuwahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari la kwendea sokoni. Wasipoondoka msimu huu wa baridi, hawataondoka.

Kwa hiyo Coral alilitaka gari lile. Alilitaka kuliko mumewe, ila yeye kutaka kwake kulikaa ndani, na nje kulitoka maswali tu.

"Unauza kwa nini?" aliuliza.

Muuzaji, aliyeitwa Darryl Krebs, mtu wa makamo mwenye viatu safi kupita kiasi kwa mtu anayeishi karibu na mashamba ya miwa, alitazama chini. "Lilikuwa la mama yangu. Amefariki mwezi wa nne."

Coral aliona haya. Aliondoa kidole ukutani, akampa pole, akasema mama wa mtu hana mfano. Alitoka nje kupunga upepo, akazunguka nyuma ya gari, na huko machale yakamcheza upya.

Jua la alasiri lilikuwa limelalia ubavu wa gari. Bodi lake jeupe lilikuwa limegeuka manjano kwa miaka mingi ya jua, kama meno ya mvuta sigara, lakini katikati palikuwa na weupe wa zamani uliobaki katika umbo la herufi. Mtu alikuwa ameyabandua majina, akasahau kwamba jua lilikuwa limeshayaandika. ENID NA CLARRIE. Chini yake, CHANELI 18. Ndivyo wafanyavyo watu wa magari haya. Huandika majina yao nyuma, na chaneli ya redio ya upepo wanayosikiliza, ili anayewafuata barabarani aweze kuwasalimu au kuomba nafasi ya kupita. Chini kabisa, kwenye bampa, stika moja ilikuwa imegoma kutoka, ile ya utani ambayo wazee wengi wanayo: TUNATAFUNA URITHI WA WATOTO WETU.

"Majina umeyabandua wewe?" Coral aliuliza.

"Yalikuwa yananiuma kuyaona."

Lilikuwa jibu zuri, ila Coral aliliona limekuja upesi mno. Juu ya kioo cha mbele alikuwepo mwari wa bati, ndege mwenye mdomo mrefu, amekazwa kwa skrubu zilizoshika kutu. Darryl alieleza kwamba marehemu baba yake, ndiye huyo Clarrie, alimkata kwa mkono. Alisema angemtoa pia, lakini skrubu zimekataa.

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko yote waliyowahi kusikia. Warwick alifurahi hadi masikio yakawa mekundu. Coral alirudi nyumbani Childers akiigeuza bei ile kichwani njia nzima, maana bei mbaya hujieleza yenyewe, lakini bei nzuri ina lake jambo.

*

Jioni ya Jumatano binti yao alikuja kula. Kirrily alifanya kazi kwa dalali wa nyumba, alikuwa na simu mbili, na tangu aanze kazi hiyo alikuwa hawezi kuingia chumba chochote bila kutazama dari. Coral aliweka nyama ya kondoo na viazi vya kuponda. Warwick alianza kulisifia gari kabla hajakaa, vitanda vyake, friji yake, sola ya juu, na kwamba mama yako amebonyeza kila ukuta akakosa cha kusema.

Kirrily alisikiliza, akatafuna, kisha akauliza ni kiasi gani cha kiinua mgongo kitabaki. Baba yake alitaja. Kirrily alipanga uma na kisu vizuri juu ya sahani, kama afanyavyo akiwa na wateja, akasema hapingi, wao ni watu wazima, ila kuna karatasi amekuja nazo. Ilikuwa hati ya uwakilishi, ya kumpa yeye mamlaka ya kusaini na kulipa kwa niaba yao iwapo watashindwa.

"Ni kitu cha kawaida, mama. Mkipata ajali huko porini, mkalazwa hamjitambui, nani atashughulika?"

"Na nani atakayesema kwamba hatujitambui?"

"Daktari, mama. Nani mwingine?"

"Nauliza tu."

Alimzaa mwenyewe, akamnyonyesha, akamfungia viatu vya shule, na bado jioni ile alimtazama kama anavyotazama ukuta uliopakwa rangi juzi. Warwick alisema atasaini hata sasa hivi, kalamu iko wapi. Coral alisema kalamu imeisha wino. Karatasi ziliwekwa juu ya friji, chini ya bakuli la matunda, na Kirrily aliondoka akiwa amekasirika, ingawa alimbusu mama yake mashavu yote mawili.

Usiku Coral alijiona mbaya. Kwa siku chache tu alikuwa amemshuku mfiwa na amemshuku mtoto wake mwenyewe. Ili kusafisha roho, asubuhi aliwasha oveni akaoka skonzi za boga, akazifunga kwenye kitambaa safi, wakaenda nazo kwa Darryl kulijaribu gari barabarani. Alimkabidhi mlangoni akasema ni kitu kidogo kwa ajili ya msiba. Darryl alizipokea kwa mikono miwili. Alisema mama yake naye alipenda sana skonzi za boga.

*

Warwick aliendesha. Coral alikaa kando yake, na Darryl nyuma kwenye meza ya kulia, kitambaa cha skonzi kimefunguliwa mbele yake. Gari lilikwenda laini kama siagi. Gia ziliingia bila kelele, breki zilishika, hakuna kabati lililogonga. Warwick alianza kuimba kwa pua, jambo ambalo hakulifanya tangu kiwanda kilipompa barua ya kuondoka.

Chini ya dashibodi palikuwa na redio ya upepo, imezimwa. Coral aliitazama kwa maili kadhaa. Alijiambia aiache. Kisha akajiambia kwamba kama majina yale ni ya kweli na watu wale walikuwa watu wa kweli, barabara hii lazima itakuwa inawajua. Akaiwasha.

"Hiyo mbovu, mama," alisema Darryl kutoka nyuma, mdomo umejaa.

Haikuwa mbovu. Coral aliipeleka hadi chaneli ya kumi na nane, ikakoroma kidogo, ikatulia. Walipita shamba la miwa, wakapita jingine. Redioni mwanamume mmoja alikuwa akimweleza mwenzake wapi pana maji safi ya bure. Kisha mbele yao lilitokea gari-nyumba kubwa likija upande wao, likawasha taa mara mbili, na sauti ya mwanamke mzee ikajaa ndani ya gari.

"Enid! Jamani Enid, ni wewe? Nimemwona mwari wako. Wamekuruhusu lini? Mbona Jumapili nilikuacha kitandani?"

Gari lile liliwapita, mkono ukiwapungia dirishani kwa nguvu. Warwick aliacha kuimba. Nyuma, Darryl aliacha kutafuna.

Coral alichukua kipaza sauti. Mkono wake ulikuwa imara, baadaye alijisifu kwa hilo. "Huyu si Enid, dada. Enid yupi unayemsema?"

"Enid Krebs, mwenye gari hilo. Mimi ni Joyce." Sauti ilibadilika. "Yuko hospitali, juu, chumba cha mwisho, amevunjika nyonga. Wewe nani? Mbona uko na gari lake?"

"Zima hiyo," alisema Darryl.

Warwick ndiye aliyeizima, kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Aliegesha kando ya shamba la miwa. Coral aligeuka kwenye kiti akamtazama yule mtu na skonzi zake za msiba, mbili zimeshaliwa na ya tatu iko mkononi ina alama ya meno.

"Umekula skonzi za matanga," alisema, "na mama yako yu hai."

Darryl aliirudisha skonzi kwenye kitambaa. Hakukana. Alisema mama yake alianguka kwenye ngazi ya gari hili hili, mwezi wa nne, na madaktari wamesema hatasimama tena kwa miguu yake. Kuna nafasi imepatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nyumba nzuri yenye bustani, lakini wanataka amana kabla ya mwisho wa wiki, na amana yenyewe ni karibu bei ya gari hili. Mamlaka anayo, mama mwenyewe alimsainia miaka ile baba alipokufa. Kila kitu ni cha halali, wanaweza kumpigia mwanasheria.

"Sasa kwa nini umuue?" Coral aliuliza.

"Kwa sababu nilijaribu kusema ukweli," alisema Darryl. "Waliokuja kabla yenu niliwaambia yu hai, yuko hospitali. Wakaanza, je, anajua? Amekubali? Tunaweza kuongea naye? Wakaondoka. Ukisema amefariki, watu wanakupa pole na wanauliza bei."

Aliongeza kwamba saa tisa kuna mtu mwingine anakuja kuliona gari. Coral hakujua kama hilo nalo lilikuwa kweli.

*

Warwick na Coral walikaa ndani ya gari lao dogo, nje ya hospitali, bila kushuka. Warwick alisema sheria iko upande wa Darryl. Alisema gari ni kavu, wamekagua mangapi, watapata wapi jingine kavu. Halafu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na Coral akatazama kando.

"Siwezi kununua kitu cha mtu aliye hai bila kumwona," alisema Coral. "Nataka nisikie mdomoni mwake."

"Basi nenda wewe. Mimi sina maneno."

Alimkuta Enid Krebs ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, mwanamke mdogo mkavu, nywele fupi, blanketi juu ya magoti, macho makali yasiyoamini mtu. Coral aliyatambua macho yale, ni kama alijitazama.

"Wewe ni wa kanisa au wa nyumba ya wazee?" Enid aliuliza. "Kama ni wa nyumba ya wazee, nimeshawaambia siendi."

Coral alisema hapana, si wa huko, ameelekezwa chumba na Joyce, amekuja kumjulia hali tu. Kwa jina la Joyce uso wa Enid ulifunguka. Alimwonyesha kiti. Alianza kueleza mambo ya safari kama watu wa safari wanavyoeleza, bila kuulizwa, mahali pa kulala bila kulipa, mahali penye nzi wengi, na jinsi alivyoendesha peke yake tangu Clarrie alipofariki, watoto wakilalamika. Mwezi wa nane ameahidi kukutana na wenzake Longreach. Gari liko kwa fundi. Darryl alilipeleka, breki.

"Tangu mwezi wa nne liko kwa fundi," alisema Enid, akashusha sauti. "Breki gani hizo za miezi mitatu? Fundi huyo ananiibia, mwanangu. Darryl ni mpole mno, hajui kubishana na watu. Ukipita kwake nichungulilie. Na uwaambie wasimguse yule mwari. Wakitoa skrubu zile, mvua itaingia juu ya kioo, ukuta wote utaoza. Miaka yote sikuruhusu tone moja."

Coral alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi, mfupi, mwepesi, ungemalizika kwa pumzi moja. Badala yake alisikia sauti yake ikiuliza miguu inaendeleaje.

"Madaktari wanasema sitasimama. Tazama," alisema Enid. Alivuta chuma cha kutembelea, akakishika, akauma meno, akasimama. Alikwenda hadi mlangoni. Akageuka. Akarudi, jasho likimtoka puani, akajiachia kitini na kucheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda dau. "Wao hawajui. Nafanya wakiwa hawapo. Darryl nataka nimshtukize."

Coral alimpongeza. Alimrekebishia blanketi. Akasema ana mtu anamsubiri chini, akatoka, akateremka ngazi polepole akishika ukuta wa hospitali, na kila hatua alijiambia kwamba kutembea hadi mlangoni si kuendesha hadi Longreach. Lilikuwa jambo la kweli. Alilirudia mpaka likaanza kumtosha.

Warwick alikuwa amesimama kando ya gari lao, kofia mkononi, amekunja jicho la kushoto ili aone vizuri ni nani anayekuja.

"Umemwambia? Amesemaje?"

"Hatukufika huko. Mtu mwenyewe mgonjwa."

"Anaweza kusimama?"

Coral alimtazama mumewe, lile jicho lililokunjwa na kofia inayozungushwa vidoleni.

"Hawezi," alisema. "Mpigie Darryl kabla ya saa tisa."

*

Waliondoka mwezi wa saba. Nyuma ya gari Warwick alibandika majina yao kwa herufi za buluu, akahakikisha yamefunika yale ya zamani, na hayakufunika vizuri kwa sababu herufi za buluu zilikuwa nyembamba kuliko zile zilizoachwa na jua. Mwari alibaki. Warwick alikuwa amekuja na bisibisi, Coral akamwambia asimguse, tundu zile zitaingiza maji. Warwick alimuuliza amejuaje. Alisema anajua tu.

Joyce walikuwa wamemwacha mbali, pwani, na Coral aliishi kwa hesabu hiyo. Kila gari-nyumba lililokuja mbele yao alilikagua kwanza, rangi yake, ukubwa wake, nywele za mwanamke aliyekaa mbele. Warwick alidhani anafurahia kupunga mkono. Coral alitaka redio izimwe, lakini Warwick alisema bila redio malori hayatamwonya, na macho yake yanahitaji msaada, kwa hiyo ikabaki imewashwa, chaneli ya kumi na nane kama kila mtu.

Walipopita Emerald, njia imenyooka na nchi imekuwa nyekundu, redio iliwaita.

"Mwari, mwari, unanisikia? Enid, ni Bev na Noel, tuko nyuma yako."

Coral alimtazama Warwick. Warwick alitazama barabara.

"Huyu si Enid," alisema Coral kwenye kipaza sauti. "Gari tumelinunua sisi."

"Oh. Na Enid yuko wapi?"

Alijua maswali yanayofuata. Aliyaona yamepangana moja nyuma ya jingine kama magari kwenye daraja jembamba. Yuko hospitali ipi, anajua mmelinunua, alikubali, anaendeleaje, tunaweza kumpigia.

"Amefariki," alisema. "Mwezi wa nne."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya Bev, imekuwa ndogo, ilisema asante kwa kutuambia. Warwick aliendesha maili nyingi, akapunguza mwendo mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kupunguza, halafu akasema, "Coral." Yeye akasema, "Endesha."

Alasiri walifika kambini katika mji wa Alpha. Saa kumi na moja, kama ilivyo desturi ya kambi zote, watu walitoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vyao, wakaketi duara. Bev alikuwa ameshapita kila mlango na habari ya msiba. Walikuwepo zaidi ya ishirini, na karibu wote walimjua Enid, au walimjua mtu anayemjua. Mmoja alisimulia jinsi Enid alivyomtolea tairi kwenye tope. Mwingine alisema alikuwa mchokozi kwenye karata na mwizi wa zamu za wenzake. Walicheka, wakafuta macho. Mzee mmoja aliuliza kama aliteseka, na wote wakamgeukia Coral, maana yeye ndiye mwenye gari, yeye ndiye angejua.

"Alikufa usingizini," alisema Coral.

"Mungu ni mwema," alisema Bev. Aliinuka, akainua kikombe chake cha plastiki chenye divai ya boksi, na wote wakainuka, viti vikilia. "Kwa Enid."

"Kwa Enid," walisema.

Coral naye aliinua kikombe. Kwa mbali, kwenye barabara kuu, gari-nyumba kubwa lilikuwa likipunguza mwendo na kuwasha taa ya kukata kona kuingia kambini, na yeye alikaza macho kulitazama, akijaribu kuona ni nani amekaa mbele. Simu ya Warwick ililia. Aliisoma kwa kuileta karibu na jicho la kulia.

"Ni Kirrily," alisema. "Anaulizia zile karatasi. Nimwambie nini?"

Coral hakuliondolea macho lile gari.

"Mwambie bado tuko hai."